Nukta Kati ya Mwaka na Mwezi

Zamani tulihesabu kwa majivuno:
moja nukta sifuri, mbili nukta sifuri,
na Hilali wa mauzo akataka tuiruke tatu
kwa kuwa wenzetu wa Sohar wamefika nne.
Programu ile ile, kitufe kimebadilishwa rangi,
ikapandishwa cheo kama afande.

Nikasema basi. Tuite kila toleo kwa siku zake:
mwaka, nukta, mwezi.
Hilali akacheka, "Hiyo namba au tarehe ya maziwa?"
Angalau maziwa, nikamwambia, hayajisifu.

Kazi ya programu ni kugawa maji ya falaji
pale Birkat al-Mauz, mfereji ushukao mlimani
hadi kwenye mizizi ya mitende.
Kule athari si matokeo ya jambo.
Athari ni kipimo, nusu saa ya maji;
huuzwa, hurithiwa, hufikishana mahakamani.
Mwenye athari tatu usiku wa Jumanne
simu humlilia, naye huamka akazibue.
Watu wanaomiliki nusu saa
hawakuniuliza kwa nini toleo lina tarehe.
Waliuliza: tarehe ya nani?
Ya mwezi mwandamo, au ya benki?
Nikachagua ya benki. Sijui mpaka leo kama nilipatia.

Mama, kule Sibu, ana hesabu yake.
Saa mbili yake ndiyo nane ya ofisini.
Pasipoti yasema kazaliwa Januari mosi,
kama nusu ya wanawake wa rika lake mtaani;
mwenyewe ajua ni Wete, mwaka wa karafuu nyingi,
mvua za vuli hazijakatika.
Karani alitaka namba. Akapewa.

Wala tarehe nayo si malaika.
Mwezi wa tatu ulitupita tukisaka hitilafu,
25.3 ikatoka Aprili,
Juma aliyezaliwa Jumamosi.
Tena haisemi kipi kimevunjika.
Husema lini tu.

Jana usiku nikapitia orodha ya simu.
Zote zimesasishwa ila moja, ya mtu wa Izki:
19.11.

Novemba ile.
Nimekaa sakafuni, ukumbi wa hospitali, kompyuta mapajani,
baba ndani, mashine ikimhesabia.
Nilirekebisha zamu za usiku
vidole vimekufa ganzi kwa kiyoyozi,
nikaituma saa kumi alfajiri,
kisha muuguzi akaja, akasimama, hakusema.
Ingeitwa mbili nukta saba
ningeipita kama mlango wa jirani.

Kanuni yataka nimwandikie:
toleo lako limepitwa na wakati, tafadhali sasisha.
Nimeandika. Nimefuta.
Nimetazama zamu yake, bwana huyu nisiyemjua:
Jumatano, saa kumi alfajiri, athari mbili.
Maji yanamfikia.