Ishirini

Mkoani, siku mbili kabla ya Idi,
foleni ya tiketi imetoka mlangoni,
imepinda hadi kwenye duka la vocha,
na dirishani Faki Shaame anaipiga kompyuta kwa kiganja
kana kwamba ni redio ya marehemu babu yake.
"Imeganda tena, Time. Zima, washa."

Nimezima. Nimewasha. Mara nne tangu asubuhi.
Mwezi mzima tumeishi hivi, kama mtu
anayetibu jino kwa kuhamishia tonge shavu la pili.

Sasa nimekaa na msimbo wangu mwenyewe,
Java, lugha yenye kikombe cha kahawa kwa nembo,
na kahawa yangu imepoa, ina nzi.
Seva haitaji kosa. Haikatai. Inangoja tu,
sekunde thelathini kwa kila ombi,
kama mgeni aliyepiga hodi nyumba ya watu waliolala.

Miunganisho ishirini niliiwekea hifadhidata,
ishirini ya kuazimana: chukua, uliza, rejesha.
Nani hakurejesha?

Ndipo nikamkumbuka Bi Somoe wa Kengeja,
mtunza vyombo vya shughuli,
masufuria ishirini, kila moja na doa jekundu ukingoni.
Hatoi sufuria kabla hajaligonga kwa kifundo cha kidole
akasikiliza: zima, au lina ufa?
Kisha daftari: nani, lini, arusi ya nani.
"Kuazima arusi," husema, "kurejesha matanga,"
na ukimkawiza, jioni ya tatu
utamkuta barazani kwako, hana salamu ndefu.

Mwenzangu wa Unguja alinishauri kwa simu:
"Ongeza, iwe mia."
Mia! Na jiko lina mafiga yale yale matatu.

Nikafungua daftari langu, mstari kwa mstari.
Huu hapa. Abiria hana namba ya kitambulisho,
programu inashtuka, inatokea dirishani,
na agizo la kurejesha liko chini kule,
safi, sahihi, halifikiwi.
Kila mzee asiye na namba
aliondoka na sufuria moja bila kujua.
Wa ishirini, jiko likazimika.
Si wao. Ni mimi
niliyeandika kurejesha kwa siku njema tu.

Nimelihamisha. Nimeliweka
pasiporukika: kazi ikifaulu itapita hapo,
ikiharibika itapita hapo,
arusi au msiba, chombo kirudi kwanza,
kilio baadaye.

Saa kumi Faki anagonga mhuri, kompyuta kaisahau.
Nahesabu kiooni: saba nje. Kumi na moja. Nne.
Inatoka, inarudi.

Usiku, nyumbani, natafuta chumvi
chini ya ubao wa jikoni,
mkono ukagusa kitu cha baridi, cha mviringo.
Doa jekundu ukingoni.
Khitma ya baba. Mwaka wa tatu huu.
Na Bi Somoe, kwa haya, hakuja kudai.