Daftari la Restituta

Nilimchukia kwa sababu ya mapazia.
Vibao vyangu pale Sinza Mori,
CHUMBA NA SEBULE, LUKU YAKE, PIGA HAPA,
vilikaa mpaka rangi ikapauka,
ilhali nyumba zake ziliota mapazia ndani ya wiki.

Kijiweni tukasema ana dawa.
Kassimu akataja mpaka mganga na kijiji chake.
Mkono mtupu haulambwi,
ila mdomo mtupu haukosi la kusema.

Basi nikaazima shati la shemeji,
nikajifanya mpangaji kutoka Songea,
mwenye mke, watoto wawili na friji.
Tukakutana Goba, saa nne asubuhi.

Hakuomba elfu kumi ya kuonyesha.
Hilo peke yake lilinikwaruza:
elfu kumi ile ndiyo chai yangu,
na deni la chai ya jana.

Akafungua bomba kabla hajafungua mdomo.
Likakohoa, likatema hewa.
"Maji ni Jumanne na Ijumaa, usiku.
Utahitaji simtanki. Na hapa..."
akapiga magoti, mtu mzima yule,
akagusa ukuta kimo cha ndoo,
"mstari huu ni wa masika.
Rangi ni mpya, mstari si mpya.
Kama una mtoto wa kutambaa, achana na chumba hiki."

Nani anauza hivyo?

Akatoa kauntabuku la kwaya mbili.
Kila nyumba na ukurasa wake:
mwenye nyumba hulewa tarehe za kodi,
jirani ana mashine ya kusaga,
mpangaji wa kwanza alihama kwa nini,
wa pili kwa nini.
Miaka tisa ya udalali
na sijawahi kumuuliza mtu kwa nini amehama.

Nilikuwa nachungulia begani kwake
kama mtoto anayeibia mtihani,
ndipo akasema, bila kugeuka:
"Shika mwenyewe, Mwinjuma. Ila geuza taratibu,
karatasi zinachanika."

Ardhi ya Goba ni ngumu. Haikupasuka kunimeza.

"Shati limekubana," akasema. "Mwaka juzi
nilimtuma mdogo wangu kwako, Kijitonyama.
Akarudi akasema: yule kaka hufungua madirisha yote
robo saa kabla ya mteja,
nyumba inapumua kwanza ndipo inatazamwa.
Tangu hapo nami nafungua. Tumelipana."

Sikumwambia kuwa robo saa ile
nilikuwa nafukuza moshi wa sigara yangu.

Leo mwezi wa nne, mvua haikatiki.
Nina daftari, kwaya moja, bado linanuka duka.
Ukurasa wa kwanza: Tabata Kisiwani, kwa Mzee Kibwana.
Jana nilimwonyesha mteja maji yanapofikia.
Akanishukuru. Akaondoka. Hajapiga.
Udalali wa mwezi mzima umekwenda na maji,
na Kassimu kacheka mpaka kahawa imemmwagikia.

Lakini jioni nimempigia yule wa Makumbusho,
aliyehama bila kuaga.
"Mwinjuma? Nani kafa?"
"Hakuna. Nataka tu kujua
kwa nini ulihama."

Akanyamaza.
Kisha akavuta kiti, nilikisikia kikikwaruza sakafu,
na mimi nikatafuta kalamu.