Daftari la Mashineni

Babu Endovo aliingia Kigumba na jiwe begani,
jiwe la kusagia, la mama yake, kutoka Maragoli,
kule mashamba yalikokatwa vipande hata jogoo wako
akiwika, anayeamka ni mke wa jirani.
Waliambiwa Bunyoro kuna nyasi zinazommeza mtu,
na mbung'o, na tembo, na ardhi tele.
Yote yalikuwa kweli. Mbung'o hasa.

Mwaka wa tatu mahindi yakamshinda nyanya.
Jiwe lilikuwa limemla viganja. Alisema mara moja tu:
"Nunua mashine, au uoe mikono mingine."
Babu akauza ng'ombe wanne na baiskeli,
akaenda Masindi, akarudi juu ya lori la tumbaku
ameikumbatia injini kama bwana harusi.

Walipoiwasha, mbuzi walikata kamba.
Fundi Kisia akafunika bomba la moshi kwa kopo la maziwa,
ndipo ikapata sauti: tuku-puu, tuku-puu,
ikasikika hadi ng'ambo ya kinamasi.
Palikuwa na duka moja la chumvi na mwembe ulioungua.
Watu wakaanza kusema, "Naenda mjini."

Foleni ilikuwa ya Wanyoro, Walugbara, Waacholi na sisi,
na Kiswahili chake kilitosha kiganjani:
Saga mara mbili. Usiondoe pumba. Pesa kesho.

Hiyo "pesa kesho" ninayo hapa, imeandikwa kwa penseli.
*Aberi, debe moja, pamba ikiuzwa.*
*Mwalimu Byakagaba, nusu debe, mshahara ukija.*
*Mjane wa Okumu* — halafu kiasi kimefutwa kwa mate na kidole.
*Askari wa kizuizini, magunia mawili.*
Hapo babu hakuandika watalipa lini.
Aliweka nukta, akaikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

Mwaka ule wa vita walikomba dizeli yote.
Injini iliwashinda uzito, wakaondoka na mkanda,
wakaukata vipande kufungia magodoro ya watu.
Nyanya akalifukua jiwe chini ya ghala.
Miaka miwili. Alisema jiwe halina kinyongo
ila viganja vyake vilikuwa vimezoea kuitwa Mama Mashine.

Na hili nalo niliseme, maana wenye kulificha wamekufa:
baba mdogo Vugutsa alishona spaki kuukuu
chini ya sahani ya mizani.
Nyanya aliigundua kwa kuupima mkono wake mwenyewe.
Hakupiga kelele. Tangu siku hiyo, kila aliyesaga
aliongezewa konzi moja ya unga bila maelezo,
na mji mzima ukatusifu kwa ukarimu.
Vugutsa alikuwa akisikia sifa hizo, anatazama viatu.

Sasa umeme umefika. Bweyale wana vinu
vinavyosaga gunia kabla hujamaliza salamu.
Nimefungua chumba cha injini; unga wa zamani
umeganda kwenye mapaa, mweusi, kama sega lisilo na nyuki.
Nimejumlisha madeni yote usiku kucha,
kwa shilingi za kabla ya kukatwa sifuri.
Hayatoshi kununua kiberiti.

Juzi afisa wa vitambulisho alitafuta kabila letu
kwenye orodha yake, akarudi juu, akashuka tena kwa kalamu.
"Kadenyi, ninyi hasa ni watu wa wapi?"
Nikamwambia nilizaliwa hapa, hatua mia kutoka kiti chake.
Akaacha nafasi wazi.
Chini yake, penye makazi, hakuniuliza kitu,
akaandika moja kwa moja: Mashineni.
Ndivyo hata waendesha boda wanavyopaita,
vijana ambao hawajawahi kusikia tuku-puu.

Jiwe lipo mlangoni.
Linazuia mlango usipigwe na upepo.