Lita Tatu

Chupa ni ya kahawia, kifuniko chekundu.
Jina lake refu, sisi twaiita De-Em-Ef,
kama chama cha siasa,
na kama chama, huingia bila hodi:
glavuni, ngozini, hadi kwenye ini.

Peptidi hushonwa hivi:
asidi amino moja, osha, osha, osha,
ya pili, osha, osha, osha.
Shanga za resini zavimba, mkufu warefuka
mpaka umekuwa miligramu sitini, unga wa ncha ya kisu,
na nyuma yake lita tatu za kumwaga.

Fomula siijui vizuri. Uzito naujua.
Mimi ndiye ninayezishusha ngazi hamsini na nne
hadi kwenye pipa nyuma ya ukuta,
pipa linalongoja lori
lililoahidiwa tangu kiangazi cha juzi.

Hapa Bukavu kila kitu huteremka.
Tope la Kadutu, maganda ya ndizi, povu la sabuni,
vyote vyajua njia ya ziwa.
Kisha sambaza wapanda mlima
ndani ya beseni, kichwani mwa mama,
nasi twawakaanga.

Cibalonza, mimba yake ya mwezi wa nne,
aliweka sindano mezani akasema:
"Mimi na chupa hii, mmoja atoke."
Hakutoka yeye.

Tulijaribu ethanoli: shanga zikagoma,
ngumu kama maharage ya mwaka jana.
Tukajaribu kile kitokanacho na magunzi ya mahindi,
na cha kuoshea, asetati, harufu ya rangi ya kucha.
Si malaika hao; cheche moja tu, wanawaka.
Shanga zikanywa. Zikavimba.
Kipimo kikatoa buluu tulipotaka njano,
tukarudia, umeme ukakatika,
tukarudia.

Jumatano ikaja njano.

Profesa Birindwa alisoma karatasi, miwani puani:
"Zamani asilimia themanini na nne.
Leo sabini na moja.
Hizo kumi na tatu zimekwenda wapi?"

Cibalonza alikuwa anatafuta kalamu.
Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo yangu,
naziona ngazi zote hamsini na nne
na chini kabisa, kati ya mabati,
kipande cha ziwa.

Bado nanawa mikono mara mbili.
Mkono una mazoea yake.