Athari Moja ya Maji

Urithi wangu Samail ni nusu saa.
Mitende tisa, ukuta ulioinama,
na nusu saa ya maji ya falaji kila siku ya nane,
saa tisa u nusu usiku hadi saa kumi.
Watu wa huku nusu saa hiyo huiita athari.
Nilicheka mbele ya kadhi.
Kwetu, kwa mama aliyekuwa akiota kwa Kiswahili,
athari ni kile kinachobaki
jambo likishapita.

Usiku wa kwanza nilitoka Khoudh saa nane,
nikafika, nikazima gari,
nikajiuliza: Fanja nimeipita saa ngapi?
Sikuiona. Na Bidbid je?
Nani basi aliyeshika usukani?
Mikono ilikuja, miguu ilikuja,
mimi nilikuwa bado jikoni nateta na Thuwaiba
kwa maneno niliyoyakosa juzi.

Ndivyo nilivyo, sifichi.
Duka la dawa nahesabu vidonge tano tano,
tano tano, vidole vinajua kazi.
Siku moja mzee mmoja akaniuliza,
"Mwanangu, umenipa vingapi?"
Nikakimwaga kichupa juu ya kaunta,
nikaanza moja.

Shafikuli, mtunza shamba, alivua ndara
akaingia mferejini.
Kiarabu chake cha kuokoteza, changu cha kurithi,
tukaelewana kwa tochi.
Akang'oa jiwe lililovikwa gunia
na maji yakageuka, kama mtu aliyeitwa jina lake,
yakaja kwetu.

Mtende wa kwanza. Wa pili.
Udongo unakunywa kwa sauti, sikujua.
Wa tatu, simu ikatetemeka kiunoni.
Thuwaiba.
Nikajibu. Nikafuta. Nikajibu tena,
mara hii kwa upole wenye miba,
nikasubiri zile alama mbili zigeuke buluu.
Nilipoinua uso
mwana wa jirani alikuwa amekwisha chutama
anarudisha jiwe mahali pake.
Alinisalimia vizuri sana.
Zamu haina mkopo.

Maji yalikuwa yamevunja kingo kwenye mtende wa tano,
yametuama njiani, bwawa la bure,
na tochi ikimulika bwawa hilo
Shafikuli aliguna tu.
Wa tisa, aliouotesha mama kwa chipukizi la Nizwa,
shina lake kavu, ardhi yake nyeupe
imepasuka kama kisigino.
Nikasimama pale na viatu vyangu safi.

Siku ya nane nikaiacha simu garini.
Kichwa nilikuja nacho.
Mtende wa kwanza nilikuwepo.
Wa pili nikaanza kupiga hesabu za kodi.
Nikajikuta, nikarudi: harufu ya samadi,
mbu sikioni, Shafikuli anakohoa kikohozi
ambacho, kumbe, anacho tangu wiki ile
na mimi ndiye muuza dawa.
"Tangu lini?" nikamuuliza.
Akahesabu kwa zamu za maji: "Nne."
Wa nne nikapotea tena,
wa sita nikarudi. Sikujigombeza,
kujigombeza nako ni safari.
Nilivua viatu.
Baridi ikapanda vifundoni,
nikajua maji yamefika kabla sijayaona.

Wa tisa ulipata ulichopata,
dakika tatu, labda nne.
Sikuomba kitu. Nilisikiliza ardhi ikinywa
hadi jiwe liliporudi mahali pake
na sauti ikahamia kwa jirani.

Alfajiri nikarudi mjini, tope limekauka miguuni,
kikohozi cha Shafikuli nimekiandika kwenye kiganja.
Bidbid: taa moja, mbuzi wawili.
Fanja: mtu anafagia mbele ya duka la mitungi,
akasimama, ufagio mkononi,
akalitazama gari langu likipita.
Nikamwona ananiona.