Mteremko wa Naipanga

Muuzaji alitoka Lindi na skrini ndani ya boksi la viatu,
akaipachika kando ya usukani kama kioo cha kinyozi,
akasema: setilaiti kumi na nne zinatuona hapa tulipo.
Bi Somoe akavuta kanga yake kifuani.

Trekta likaenda. Chilumba, dereva, mikono juu ya mapaja,
akatucheka kupitia dirishani,
na magurudumu yakanyooka kuliko uzi wa mwashi.
Tulipiga makofi. Mimi, katibu, niliandika: imefaulu.
Kisha nikageuka, nikaiona palizi.

Shamba letu limelala ubavu, linatazama bondeni,
na udongo wake baada ya mvua ya Machi hauna adabu.
Trekta lilishika njia. Jembe nyuma yake likateleza,
kiganja kimoja tu kuelekea chini,
kiganja kimoja, hatua mia tatu,
na ufuta wa wiki tatu ukalala kifudifudi
kama safu ya waumini iliyosujudu
ikakataa kuinuka.

"Trekta lina akili," alisema Chilumba.
"Jembe ndilo limelewa."

Hapo ubishi ukaanza.
Maana ipo dawa ya pili, bei yake mara mbili na kitu:
antena nyingine ikae juu ya jembe lenyewe,
na mkono wa haidroli wa kulisukuma kushoto, kulia,
lirudishwe kabla halijajua kwamba limeteleza.
Nang'unde, mweka hazina, alihesabu kwa magunia
(shilingi, anasema, humdanganya):
magunia mia na arobaini, kwa bei ya mnada wa mwaka jana,
kabla ya makato.
Baada ya makato alinyamaza.

Mtu akakumbusha karanga za Waingereza:
babu yake alipewa kofia na trekta,
miaka michache, akabaki na kofia.
Hata reli iling'olewa.
"Na nyie leo mnanunua nyota."

Sikumjibu. Nilikuwa nimechutama mstarini
nahesabu miche iliyokatwa,
na mkononi, sijui kwa nini, nikaihisi kamba ya katani ya mama,
vigingi viwili, mimi wa miaka saba upande wa pili
nikiivuta kwa nguvu zote, nikijivunia ilivyonyooka,
naye akisema bila kuinua kichwa:
"Kamba haipalilii, Mwanaidi. Tazama jembe."

Kumi na tisa kwa kumi na saba.
Tununue ya jembe. Moja.
Trekta la pili liendelee kutumia macho ya Chilumba.
Muuzaji aliulizwa mtandao ukikatika bondeni itakuwaje;
akakohoa, akaahidi mlingoti juu ya ghala,
nami nikaiandika ile ahadi, na kile kikohozi pia.
"Na ikikosea," Chilumba akauliza, "mtamkata nani mshahara?"
Hilo halikupata jibu. Limo kwenye muhtasari, chini ya Mengineyo.

Jioni, tukifunga daftari,
Bi Somoe alikuwa amerudi shambani na jembe la mkono
kuumalizia ule mstari ulioachwa nusu.
Alishuka nao polepole, kisigino kwa kisigino,
mwili wote umeegemea upande wa juu wa mteremko,
wala hajui kwamba ameegemea.