Chama cha Kumi na Wawili

Nyuma ya kiwanda cha kusubu vyuma, Barabara ya Lunga Lunga,
tumewapanga kapasita kumi na wawili
ndani ya pipa la mafuta ya transfoma.
Musembi huwaita wanachama.
Kila mmoja hupokea mgao wake, kilovolti hamsini,
hakuna wa kwanza, hakuna wa mwisho,
wamekaa bega kwa bega wakinyonya
soketi ile ile jirani anayochomelea mageti.

Tunangoja sekunde arobaini.
Sindano inapanda.
Mimi naomba tu stima isipotee.

Kisha nabonyeza,

na cheche inaruka pengo la kwanza,
na waliokaa bega kwa bega wanasimama
mmoja juu ya mabega ya mwenzake,
hamsini juu ya hamsini hadi volti laki sita,
na akiba yote inaondoka kwa mkupuo mmoja
kabla neno "sasa" halijanitoka.
Haba na haba, tulifundishwa, hujaza kibaba.
Namna ya kukimwaga hatukufundishwa.

Ng'ambo ya ukuta wa risasi
(risasi hii ni ya kuzuia)
chuma cha moto kilikuwa kikimiminika ndani ya kalibu.
Eksirei imekikamata mguu mmoja hewani.
Nekesa, msimamizi wa tanuru, anasogeza miwani:
mchanga, kivuli cha chuma, na pale kwenye kona
kipovu, si kikubwa kuliko punje ya wimbi,
kikitafuta njia ya kutoka
na njia hatukukiachia.

Ngoma ya breki ya lori la Kyalo
ilipasuka kwenye mteremko wa Salama.
Salama ni jina la mahali, si hali.
Waliniletea kipande ndani ya gunia la unga.
Katikati ya ufa palikuwa na tundu,
laini, safi, kama limetobolewa na fundi makini.
Nilitia ncha ya kidole cha mwisho. Ilienea.

Nekesa hasemi kitu kwa muda.
Halafu anawaita vijana: kalibu zote za leo zivunjwe,
zitobolewe matundu mawili ya kupumulia,
na anayelalamikia mchanga aje kwake.

Saa kumi na moja stima inapotea.
Mashine ya jirani inakata kelele katikati ya geti.
Musembi anapapasa akitafuta tochi,
mkono wake unaelekea pipani.
Usiguse, namwambia,
hawa hawasahau kwa sababu taa zimezimika.

Nachukua fimbo ndefu yenye ndoano ya shaba,
waya wake umezikwa ardhini tangu Januari,
namgusa kila mwanachama, nikihesabu kwa sauti.
Watano, kimya. Wa sita, kimya. Wa saba.

Wa nane anajibu: ta!

Alikuwa bado na kitu.